Kushona Picha: Istilahi za Picha Pana za Milima

Miongoni mwa maulizo yafikayo mezani petu yako yale yanayohusu neno moja tu, nayo hujibiwa kwa barua ya mistari mitatu. Yako na mengine ambayo ukilivuta neno moja hufuatana nalo manane au tisa, na hapo barua haitoshi. Ulizo tunalokusudia kulijibu hapa ni la aina hii ya pili. Mfasiri mmoja, aliyekabidhiwa kijitabu cha mafunzo kwa waongozaji wa wapanda milima, amekwama katika sura inayoeleza jinsi mtu aliye safarini mlimani awezavyo kupiga picha kadhaa zinazofuatana na kuzifanya picha moja ndefu, yenye kuonyesha safu nzima ya vilele ambayo lenzi haiwezi kuimeza kwa mara moja. Kitendo hicho tukiiteje? Na picha yenyewe jina lake nani? Je, ni picha ya kuunganisha, ya kubandika, ya kushona, au tuliache neno la kigeni lilivyo, kama simu nyingi za mkononi zinavyoliandika, "panorama"?

Huenda msomaji wa Kinondoni au Temeke akauliza mlima wenyewe uko wapi. Ni kweli kwamba aliyesimama Mwananyamala au Mbagala haoni kilele chochote. Mwinuko wa karibu wa kutajika ni vilima vya Pugu na Kisarawe, upande wa kusini-magharibi, na safu ya kwanza inayostahili kuitwa milima ni Uluguru, karibu kilomita 200 kwa njia ya Morogoro. Lakini istilahi nyingi za nchi nzima hutungwa hapa pwani, na jambo hilo lina hatari yake, kwani mtu wa mezani hukaribia kutunga jina la kitu asichokiona. Kwa hiyo, kabla ya kupendekeza neno lolote, tulionelea vema tufanye mambo mawili: kujifunza kazi yenyewe inavyofanyika, na kuwasikiliza mafundi wa mitaa yetu, wasiohusika na milima hata kidogo, wao huitaje vitendo vinavyofanana na hivyo.

Tungependa kwanza ieleweke kwamba suala hili si la watalii na kumbukumbu zao tu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walikwenda Kilimanjaro. Hao ndio wa kwanza kuandikwa kuwa walifika kilele cha Mawenzi. Katika safari hiyo Klute alipiga picha kutoka vituo vilivyopimwa, na picha hizo ndizo zilizotumika baadaye kuchorea ramani ya sehemu za juu za mlima. Ni kutokana na kazi hiyo tunajua leo kwamba barafu ya Kibo mwaka 1912 ilienea takriban kilomita za mraba 11.4. Mwaka 2011 ilipimwa tena ikawa takriban 1.76. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na anayeikubali au kuikataa hana budi kurudi kwenye picha. Leo picha za Kibo hupigwa kila siku na mamia ya watu, na tangu Agosti 2022, huduma ya intaneti ilipofikishwa kambi ya Horombo, penye mwinuko wa mita 3,720, mtu aweza kuipeleka picha yake Temeke kabla hajashuka mlimani. Sasa, ikiwa picha ya namna hiyo itaitwa kwa Kiswahili kwa jina lenye harufu ya ulaghai, msomaji ataitilia shaka kabla ya kuitazama. Hilo ndilo lililotufanya tusiridhike na jawabu la haraka.

Tuanze na neno lililokwisha kuenea, "kuunganisha". Halina kosa la sarufi wala la maana: aliyechukua vipande akavifanya kimoja, ameviunganisha. Udhaifu wake ni kwamba ni pana kupita kiasi. Huunganishwa umeme, maji, mabehewa, wachumba na nchi. Na mfasiri aliye na vitendo vitano tofauti katika ukurasa mmoja hasaidiwi na neno linalobeba kila kitu. Zito zaidi ni hili, kwamba katika mazungumzo ya mitaani "picha ya kuunganisha" aghalabu huwa picha ya uongo: kichwa cha mtu huyu juu ya kiwiliwili cha yule, au mtu aliyetiwa ndani ya karamu asiyoihudhuria. Msemaji husema "hiyo ni ya kuunganisha" akimaanisha kwamba imeghushiwa. Hatuoni njia ya kulisafisha neno hilo kwa waraka wa serikali.

"Kubandika" kuna historia yake ya haki. Katika siku za filamu, mpiga picha mnato aliyetaka kuonyesha safu ndefu ya milima alisafisha picha zake moja moja, akazikata kingo kwa mkasi, akazipanga juu ya karatasi ngumu na kuzitia gundi. Huko kulikuwa kubandika hasa, na anayeandika habari za picha za zamani hana sababu ya kuliepuka neno hilo. Lakini kipande kilichobandikwa hubaki kama kilivyokuwa. Kingo zake huonekana, na mstari wa mlima hukatika kidogo kila vipande viwili vinapokutana. Kazi ya leo ni nyingine. Kompyuta, au simu yenyewe, hukipinda na kukinyoosha kila kipande mpaka kikae sawasawa na jirani yake, kama fundi cherehani anavyolivuta na kulilegeza bega la mkono wa shati mpaka likubali tundu la kwapa.

Lipo pia "kuunga", neno fupi na zuri. Seremala huunga mbao, mvuvi huunga kamba, na mpishi huunga mboga kwa nazi. Tatizo letu ni watoto wake. Tukihitaji jina la mahali vipande vinapokutana, "kiungo" kimekwisha kuchukuliwa na mwili wa binadamu na pia na jiko. Na "muungano", kama ajuavyo kila mtumishi wa umma, una wenyewe.

Hivyo tunafika kwenye "kushona". Pingamizi la kwanza litakalotolewa ni kwamba Waingereza nao katika jambo hili hutumia kitenzi chao cha kushona, kwa hiyo tutakuwa tumefuata nyayo zao neno kwa neno. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama kushona kwa Kiswahili kungekuwa kazi ya nguo peke yake. Sivyo. Mitepe, majahazi ya kale ya pwani hii, haikupigwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na chombo kilichoshonwa hivyo kilivuka bahari. Karibu zaidi nasi ni mkeka. Asiyeujua mkeka hudhani kwamba husukwa mzima kutoka ukingo mpaka ukingo. Lakini waulizeni akina mama wa Chamazi na Kisarawe. Kinachosukwa kwa miyaa ni ukili, ambao ni utepe mwembamba na mrefu sana. Kisha huja kazi ya pili, nayo huitwa kushona mkeka. Ukili huzungushwa, kingo huwekwa pamoja, shazia hupita, na kidogo kidogo tepe nyembamba huwa uwanda mpana wa kulalia watu watatu. Mshonaji hodari huzilinganisha rangi ili ua lililoanza katika utepe mmoja lipite mshono na kuendelea katika utepe wa pili bila kukatika, na mnunuzi wa mkeka hupitisha jicho lake papo hapo kabla ya kuuliza bei.

Tazameni basi jinsi maelezo hayo yanavyolingana na kazi ya mpiga picha wa milimani: vipande vyembamba vinavyofuatana, kingo zinazokutanishwa, na ua, ambalo kwake ni mstari wa vilele, linalopaswa kupita mshono bila kukatika. Wala hapana mtu aliyewahi kudai kwamba mkeka ni wa uongo kwa kuwa umeshonwa. Kwa hiyo tunapendekeza *kushona picha*, tukiamini kwamba neno hili ni letu kwa haki ya mkeka na ya mtepe, hata kama Waingereza nao wameliwaza kwa njia yao ya nguo.

Kuna aliyetushauri tuite picha yenyewe "picha mkeka". Tulivutiwa kwa muda. Lakini siku hizi mkeka ni orodha ya wateuliwa, na vijana wa Tandale na Tandika huliita hivyo pia karatasi la kubashiri matokeo ya mpira. Mwalimu atakayeandika "picha mkeka" ubaoni atakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Nguvu ya neno hupimwa kwa uzao wake, na hapa kushona kumebarikiwa. Tunapata *mshono*, yaani mstari vipande viwili vinapokutana. *Mshonaji*, awe mtu au programu. Na *ushonaji*, jina la kazi yenyewe. Tunapata pia jambo ambalo lugha ya kijitabu cha mfasiri wetu hulieleza kwa maneno sita: mshono ukifanyika vibaya hata ukingo wa mlima ukaonekana umevunjika, twasema kwa kifupi kwamba mshono *umefumuka*. Mafundi cherehani wametupa zawadi nyingine ndogo. Kabla ya kushona moja kwa moja wao hupiga bandi, yaani hushikiza nguo kwa mishono mirefu ya muda ili waone itakaaje. Simu nyingi hufanya vivyo hivyo: huonyesha kwanza picha ya haraka isiyo na usahihi, kisha ikafuata ile ya mwisho. Ile ya haraka na iitwe *picha ya bandi*.

Kuhusu jina la picha iliyokamilika, "panorama" ni neno changa kuliko linavyosikika. Lilitungwa kwa mashina ya Kiyunani, yenye maana ya "yote" na "kionekanacho", kwa ajili ya michoro mikubwa ya mviringo ya mchoraji Robert Barker, aliyepata hataza ya uvumbuzi wake huko Uingereza mwaka 1787. Mtazamaji alisimama katikati na mchoro ukamzunguka pande zote. Kamusi hupenda kulitafsiri kwa "mandhari", na hapo ndipo wafasiri wengi hupotea. Mandhari ni kile kilicho mbele ya macho, iwe kimepigwa picha au hakikupigwa. Picha ya mgomba mmoja na nyumba yaweza kuwa picha ya mandhari, na picha iliyoshonwa ya ukumbi wa mkutano si ya mandhari hata kidogo. Sisi tunapendekeza *picha pana* kwa kila picha ambayo upana wake unazidi sana kimo chake, bila kujali imepatikanaje, na *picha pana ya kushona* pale ambapo namna ya kupatikana kwake inahitaji kutajwa. Picha inayozunguka mpaka kurudi ilipoanzia na iitwe *picha ya duara*. Kipande kimoja kimoja tunakiita *kipande*. Tulijaribiwa kukiita "shupatu", kwa jina la ule ukili mpana wa kushonea mikeka na kuwambia vitanda, lakini si kila neno zuri linahitaji kulazimishwa kufanya kazi.

Sasa tueleze kazi inavyofanyika, kwa kuwa maneno yaliyosalia hayaeleweki bila hiyo. Mpanda mlima aliye kwenye uwanda wa juu kati ya Kibo na Mawenzi anataka kuvionyesha vilele vyote viwili. Kimoja kiko magharibi yake, kingine mashariki. Hakuna njia ya kuvitia katika picha moja ya kawaida. Asimame basi mahali pamoja, aishike kamera wima ili apate kimo zaidi cha mbingu na ardhi, apige picha ya kwanza, ageuke kidogo, apige ya pili, na kuendelea hivyo mpaka amalize nusu duara. Kila picha mpya lazima irudie sehemu ya ile iliyotangulia, kiasi cha theluthi moja hivi. Kama lenzi yake, ikishikwa wima, huona nyuzi 40, basi kila hatua humwongezea nyuzi 27 tu kwa sababu ya theluthi ile inayorudiwa, na nusu duara ya nyuzi 180 itamtaka apige vipande saba. (Walimu wa hisabati watafurahi kuona kwamba katika Kiswahili, na hatujui lugha nyingine iliyo hivyo, pembe na mshono hupimwa kwa nyuzi zile zile.)

Theluthi ile inayorudiwa haina jina lililokubaliwa, na ni neno muhimu kuliko yote baada ya kushona lenyewe, maana pasipo sehemu hiyo kompyuta haina cha kushikia. Baadhi ya wafasiri wameandika "mwingiliano". Neno hilo tunaliogopa, kwa kuwa fizikia na isimu zimekwisha kulitumia kwa maana ya vitu viwili kuathiriana. "Mpishano" ndio mbaya zaidi: waliopishana hawakukutana. Hapo tuliwaendea mafundi wa paa. Bati likipigwa juu ya nyumba, ukingo wake hauachwi ukagusana tu na ukingo wa bati la pili, mvua ingeingia. Bati moja hupanda juu ya jingine, na fundi husema mabati yamepandana, kama vile sote tusemavyo kwamba meno ya mtoto yamepandana. Vivyo hivyo makuti. Tunapendekeza *mpandano*: "acha mpandano wa theluthi moja", "mpandano hautoshi", "vipande hivi havikupandana". Tunajua kwamba kitenzi hicho hutumika pia kwa mifugo, na kwamba darasa la kidato cha pili litacheka siku ya kwanza. Siku ya pili halitacheka.

Katika mpandano huo ndimo kompyuta hufanya kazi yake. Mwaka 2003 Matthew Brown na David Lowe, wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, walieleza njia ambayo kwayo kompyuta huweza kupewa rundo la picha zisizopangwa, ikatambua yenyewe zipi ni jirani, na kuzishona bila mtu kuionyesha. Hutafuta katika kila kipande sehemu ndogo zisizofanana na nyingine: ncha ya mwamba, ufa wa barafu, pembe ya jiwe. Ikizikuta sehemu zile zile katika vipande viwili, hujua kwamba vipande hivyo vyapandana, na hujua vipandane vipi. Sehemu hizo tunaziita *alama bainifu*, kwa kuazima neno ambalo walimu wa lugha wamelizoea katika "sifa bainifu". Anga tupu haina alama bainifu, wala ukungu. Ndiyo sababu mpiga picha wa Kilimanjaro huamka mapema, kabla mawingu hayajapanda kutoka msituni. Mawingu yakifika, alama hufunikwa, na hata yasipofunika yote huwa yamehama kati ya kipande cha tatu na cha nne.

Sasa tufike penye neno gumu. Mtu anyooshe kidole gumba mbele ya uso wake, afumbe jicho moja, kisha alifumbue hilo na kufumba la pili. Kidole kitaonekana kimeruka, ilhali ukuta ulio nyuma haukusogea. Abiria wa basi la Morogoro huona jambo hilo hilo safari nzima: nguzo za kando ya barabara hukimbia, minazi hutembea, na Uluguru inakaa. Vitu vya karibu huhama kuliko vya mbali kila macho yanapobadili mahali. Mpanda mlima anayegeuza kiwiliwili chake huku ameinyoosha mikono, kwa hakika anaihamisha kamera katika duara dogo, na kila kipande kinapigwa kutoka mahali tofauti kidogo. Kibo kilicho mbali kwa kilomita kadhaa hakitasikia tofauti hiyo. Lakini mwamba ulio hatua mbili mbele yake utasikia, na mshono utafumuka papo hapo. Kwa hiyo hufundishwa aizungushe kamera mahali pake, yeye mwenyewe azunguke nyuma yake, na aepuke kutia vitu vya karibu mbele ya mlima.

Jambo hilo tuliite nini? Pendekezo lililotufikia mara nyingi ni "mhamo wa mtazamo". Tunalikataa kwa sababu moja tu: msomaji wa magazeti, na hasa mtumishi wa umma, akikuta "mhamo wa mtazamo" atadhani kwamba mtu amebadili msimamo wake wa siasa. Neno linalotumika kimataifa ni la Kiyunani, nalo laingia katika Kiswahili bila shida: *paralaksi*. Wanaastronomia hulihitaji vilevile kupimia umbali wa nyota. Kanuni yetu ya kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na hatimaye ng'ambo, haikusudii kwamba kila kopo la kigeni lisiingie nyumbani. Yakusudia kwamba tusiazime tulicho nacho.

Na paralaksi yatudai uangalifu mmoja ambao wafasiri wa hati za ardhi hawana budi kuujua. Kwa mshonaji wa picha, paralaksi ni adui. Kwa mpima ardhi ni rafiki. Klute mwaka 1912 hakusimama mahali pamoja. Alihamia kituo cha pili makusudi, ili miamba ionekane imehama, na kutokana na kiasi ilichohama ukapatikana umbali na kimo. Wapigaji wa picha za angani hufanya vivyo hivyo: ndege husonga mbele, na kwa desturi kila picha hupandana na iliyotangulia kwa asilimia 60 hivi, zaidi sana kuliko theluthi ya mpanda mlima, kwa kuwa wao huutaka mlima na bonde vipimike. Hapa Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kuchora ramani za mitaa inayokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwa mmojawapo, na katika kazi hiyo zilirushwa pia ndege ndogo zisizo na rubani. Picha za namna hiyo hupandana, nazo huunda picha kubwa ya mtaa mzima. Lakini kuziita picha za kushona bila maelezo ni kumpotosha msomaji, kwa sababu hazikupigwa kutoka mahali pamoja, na zimerekebishwa kwa vipimo vya ardhi. Tunashauri waandishi wa taarifa hizo waendelee kutumia "ramani ya picha". Mwenye nyumba katika bonde la Msimbazi ambaye mpaka wake unabishaniwa anayo haki ya kujua kama karatasi iliyo mbele yake hupimika kwa rula, au ni ya kutazama tu. Picha pana ya kushona, hata iwe nzuri namna gani, haipimiki kwa rula.

Maneno machache yaliyosalia tutayapitia upesi. Kamera ikiachiwa ijiamulie mwanga, itapunguza inapotazama barafu na kuongeza inapotazama msitu, na mbingu ya picha iliyoshonwa itakuwa na mistari kama kanga iliyochujuka. Mpiga picha huiamuru ishike kiasi kimoja tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Tusiandike "kufunga mwanga", kwa sababu wako watakaoelewa kwamba waizime taa. Tuandike *kushikiza mwanga*. Kuhusu kuishika kamera isilale upande, waashi wanalo *pimamaji*, na simu nyingi zimeitia alama hiyo ndani yake. Upeo wa macho usiposawazishwa, picha ya nusu duara hupinda kama ndizi. Namna ya kuunyoosha mviringo uwe karatasi bapa, kama mtu abanduaye karatasi iliyozunguka kopo la maziwa, tunaiita *mkunjuo*. Mpagazi aliyekatiza mbele wakati wa kupiga huweza kutokea mara mbili katika picha moja, au akatokea nusu, miguu bila kichwa. Waongozaji wengine hucheka na kumwita *pacha*, nasi hatuna neno bora.

Limebaki jambo la kiofisi. Picha pana ya kushona inapochapishwa katika taarifa, kitabu cha shule au jalada la kesi, tunapendekeza maelezo yaliyo chini yake yataje wazi kwamba imeshonwa, ina vipande vingapi, imepigwa kutoka wapi na lini, na kama kuna kitu kilichoondolewa au kuongezwa baada ya kushonwa. Maana kuondoa pacha kwenye picha ya ukutani ni usafi, bali kuliondoa jabali kwenye picha ya ushahidi ni kughushi. Mfasiri wetu aweza kuutumia mfano huu, akijaza tarehe yake: "Kibo na Mawenzi. Picha pana ya kushona, vipande 7, mpandano wa theluthi moja. Imepigwa kutoka kituo kimoja, kwenye uwanda wa juu kati ya vilele viwili, saa 1 asubuhi. Hakuna kilichoondolewa wala kuongezwa."